Namna ya Kuchagua Buti la Skii la Mtindo Huru na Kulikalisha Mguuni

Kila msimu wa theluji unapokaribia, wanaoanza huuliza maswali yaleyale: buti la kurukia liwe laini kiasi gani, je, ni sawa vidole vikigusa mbele, na kwa nini miundi inauma baada ya siku moja tu uwanjani? Mwongozo huu unawahusu wanaoteleza kwa skii katika viwanja vya mtindo huru, yaani sehemu za mteremko zilizojengewa vilima vya kurukia, reli na masanduku ya kutelezea, ambako mtu huzunguka hewani na mara nyingi hutua akiwa anarudi kinyumenyume. Mahitaji yao hayafanani kabisa na ya mtu anayeshuka mteremko kwa kasi, wala hayafanani na ya mtalii anayetaka tu kufika chini salama.

Jambo moja ulishike kuanzia sasa, kwa sababu hatua zote zinalitegemea: ulaini wa buti na ulegevu wa buti ni vitu viwili tofauti. Mruka anaweza kuwa na haki ya kutaka buti ambalo shingo yake inakunjika kwa urahisi kiasi, lakini hana sababu yoyote ya kutaka buti ambalo kisigino kinacheza ndani yake. Wengi husikia kwamba mabuti ya mtindo huru ni laini, wakaenda dukani kutafuta raha, wakarudi na buti lililo kubwa kwa saizi moja au mbili. Mimi mwenyewe niliteleza msimu mzima na buti la namna hiyo, na maumivu niliyodhani ni sehemu ya mchezo yalikwisha siku nilipovaa saizi yangu halisi.

Kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi:

- karatasi ngumu, kalamu na rula inayoonyesha milimita;
- jozi moja ya soksi nyembamba za skii zinazofika chini kidogo ya goti;
- suruali inayoweza kukunjwa hadi juu ya goti;
- skii zako, au angalau jina na aina ya bindingi iliyofungwa juu yake, bindingi ikiwa ni ule mtambo unaoshika buti kwenye skii na kuliachia unapoanguka;
- uzito wako na urefu wako, kwa kuwa fundi ataviuliza;
- muda usiopungua saa 2.

Usiende dukani ukiwa na haraka. Ukiweza, nenda mchana au jioni badala ya asubuhi, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na buti lililokaa sawasawa alfajiri huweza kubana kupita kiasi baada ya saa kadhaa.

Fahamu pia majina ya sehemu nne. Ganda ni plastiki ngumu ya nje. Bitana ni kile kiatu laini cha ndani kinachoweza kutolewa. Shingo ni sehemu ya juu inayozunguka muundi na shavu la mguu. Bizimu ni vile vifungo vya chuma vinavyokaza ganda. Hayo yanatosha.

Hatua ya 1: Pima miguu yote miwili

Simama wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta na uzito wako ukiwa juu ya mguu unaopimwa, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Pima kutoka ukutani hadi kwenye alama. Saizi za mabuti ya skii hufuata mfumo wa Mondopoint, ambao si kitu kingine ila urefu wa unyayo kwa sentimita: unyayo wenye milimita 265 ni saizi 26.5. Saizi ya viatu vyako vya kawaida haina kazi hapa, na kosa la kwanza la wanaoanza ni kuitaja dukani na kuletewa buti kwa kukadiria.

Pima pia upana mahali unyayo ulipo mpana zaidi, chini kidogo ya vidole. Miguu miwili ya mtu mmoja hutofautiana mara nyingi. Andika vipimo vyote.

Utakuta kwamba kwa watengenezaji wengi saizi 26 na 26.5 hutumia ganda lilelile, na tofauti iko kwenye bitana au kwenye soli ya ndani. Kwa hiyo, kama umesimama katikati ya saizi mbili, swali la kujiuliza si nusu saizi bali ni ganda gani linakufaa, na hilo hujibiwa na hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Kagua ganda likiwa tupu

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote, kwa sababu bitana mpya inaweza kuficha ukubwa wa ganda kwa siku kumi za kwanza halafu ikakuacha na ombwe. Sponji hukandamizwa na kupungua unene kwa kutumika. Plastiki haipungui.

Toa bitana nje. Vaa soksi yako nyembamba, ingiza mguu ndani ya ganda tupu, na usogeze mbele mpaka vidole viguse plastiki kwa wepesi bila kukunjika. Kunja goti kidogo, kisha umwombe mtu mwingine aangalie nafasi iliyobaki kati ya kisigino na ukuta wa nyuma wa ganda. Ukiwa peke yako, tumia vidole vya mkono au kijiti chenye unene unaoufahamu.

Nafasi ya milimita 10 hadi 20 inamfaa mruka. Wanaoshindana katika mbio hupenda pungufu ya hapo, lakini wao hawatui kutoka hewani mara hamsini kwa siku, na mwanzilishi anayejibana namna hiyo atavua buti kabla ya adhuhuri. Ikizidi milimita 25, ganda hilo ni kubwa, hata kama bitana yake inakukumbatia vizuri na hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba soksi nene itamaliza tatizo. Soksi nene haimalizi tatizo. Inaongeza jasho, inapunguza mzunguko wa damu, na bado mguu unacheza.

Kisha weka mguu katikati ya ganda na uangalie pande. Kifundo cha mguu na sehemu pana ya unyayo visiegemee plastiki kwa nguvu. Watengenezaji huandika upana wa ganda kwa milimita, kwa kawaida ukiwa umepimwa kwenye saizi 26.5: takriban 98 ni jembamba, 100 ni la wastani, 102 na zaidi ni pana. Ganda jembamba kidogo linaweza kupanuliwa na fundi kwa joto mahali panapouma; ganda pana kupita kiasi haliwezi kupunguzwa. Ukilazimika kukosea, kosea upande unaorekebishika.

Hatua ya 3: Chagua muundo na ugumu

Kuna miundo miwili utakayokutana nayo zaidi. Wa kwanza ni wa vipande viwili, ambapo plastiki ya mbele hupishana na kufungwa kwa bizimu nne. Hupeleka nguvu kwenye skii moja kwa moja na hupatikana katika upana wa kila aina. Wa pili ni wa vipande vitatu, wenye ulimi wa plastiki uliojitenga mbele ya muundi. Huu ulipata jina kupitia buti la Raichle Flexon, ukaendelezwa na kampuni ya Full Tilt, na leo kampuni za K2 na Dalbello ni miongoni mwa wanaoutengeneza. Waruka wengi huupenda kwa sababu ulimi wake hukunjika hatua kwa hatua bila kugota ghafla, jambo linaloihurumia miundi wakati wa kutua, na kwa sababu katika aina nyingi ulimi huo unaweza kubadilishwa na mgumu au laini zaidi. Hata hivyo, umbo la mguu wako ndilo linaloamua. Buti la vipande viwili linalokukaa sawasawa ni bora kuliko la vipande vitatu linalokupwaya, haidhuru nani maarufu analivaa.

Ugumu huandikwa kwa namba inayoitwa fleksi, kwa kawaida kati ya 60 na 130. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, kwa hiyo 100 ya mmoja inaweza kulingana na 90 ya mwingine. Kwa mtu mzima anayeanza mtindo huru, mimi hupendekeza hivi: kama uzito wako hauzidi kilo 60, anza na 80 hadi 95; kati ya kilo 60 na 80, tafuta 90 hadi 110; ukizidi hapo, au ukiwa tayari unaruka vilima vikubwa, 110 hadi 120. Anayecheza zaidi na reli anaweza kushuka kidogo, kwa kuwa reli hudai kifundo kinachojikunja na kujirekebisha upesi. Anayeruka mbali anahitaji buti linalomzuia asibamizwe mbele anapotua, na buti laini kupita kiasi humwangusha hapo hasa.

Kumbuka kwamba plastiki huwa ngumu zaidi kwenye baridi. Buti linalokunjika kwa kiasi ndani ya duka lenye joto litakuwa gumu zaidi mlimani, kwa hiyo usilikatae buti kwa sababu tu limekunjika kidogo dukani. Lakini kama linakunjika mpaka chini bila upinzani wowote huku umesimama ndani, liache.

Mabuti yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake huwa na shingo fupi zaidi na iliyopanuka juu, kwa kuwa shavu la mguu la wanawake wengi huanzia chini zaidi. Mwanamume mwenye mashavu manene ya mguu anaweza kunufaika na fundi wa kuipanua shingo, na mwanamke mwenye miguu mirefu myembamba asione tabu kujaribu la wanaume.

Hatua ya 4: Vaa na ufunge kwa utaratibu

Rudisha bitana ndani ya ganda, uhakikishe haina mikunjo, kisha fuata mpangilio huu.

Kwanza, fungua bizimu zote na mkanda wa juu, uvute ulimi mbele na pembeni, na uingize mguu. Pili, pigapiga kisigino sakafuni mara kadhaa huku umekunja goti, ili kisigino kirudi nyuma mpaka kwenye mfuko wake. Tatu, funga bizimu za shingo kwanza, kwa wepesi, kwa sababu ndizo zinazokishikilia kisigino mahali pake. Nne, kunja magoti mbele mara kumi hivi, kisha funga bizimu ya juu ya mgongo wa mguu. Tano, funga ya vidole kwa kuigusisha tu. Mwisho kaza mkanda wa juu vizuri, maana ndio unaouunganisha muundi na ulimi.

Ndani ya buti kuwe na soksi peke yake. Suruali ya ndani ya baridi iishie juu ya buti. Mshono mmoja tu uliobanwa kati ya muundi na ulimi unatosha kuleta kidonda kabla ya siku kwisha, nami nimewaona watu wakilaumu buti jipya miezi mizima kumbe kosa lilikuwa pindo la suruali.

Hatua ya 5: Lijaribu kwa dakika 20

Simama wima. Vidole vinapaswa kugusa mbele kwa wepesi. Sasa kunja magoti kama mtu anayejiandaa kutua. Kisigino kirudi nyuma na vidole viache kugusa, au viguse kwa mbali sana. Hilo ndilo jibu la swali ambalo kila anayeanza huliuliza: ndiyo, vidole viguse ukiwa umesimama wima, lakini visikunjike.

Jaribu kunyanyua kisigino ndani ya buti huku mtu amekushikia ganda chini. Kikinyanyuka kwa namna unayoihisi waziwazi, buti hilo halifai. Ruka kidogo papo hapo na utue kwa miguu miwili. Sikiliza muundi wako: ulimi uwe umeugusa kabla hujatua. Ukihisi kwamba muundi unasafiri hewani kwanza halafu ndipo unagonga ulimi, umepata chanzo cha maumivu ya miundi yanayowasumbua waruka wengi.

Kaa nalo dakika 20 bila kulivua. Kubanwa kote sawasawa ni dalili njema, kwa sababu bitana italegea. Kubanwa mahali pamoja kama kwa msumari, au ganzi isiyoisha baada ya kulegeza bizimu ya mgongo wa mguu, si dalili njema.

Hatua ya 6: Soli ya ndani na kupasha bitana joto

Soli ya ndani inayokuja na buti huwa, kwa sehemu kubwa, kipande chembamba cha sponji. Soli inayoshikilia tao la unyayo huuzuia unyayo kutandazika unapotua, na unyayo usiotandazika hauhitaji ganda kubwa. Ukiwa na fedha za kuongeza kitu kimoja tu, ongeza hiki kabla ya kitu kingine chochote.

Bitana nyingi za sasa hujiunda kwa joto. Mwache fundi aifanye kazi hiyo kwa mashine yake. Tanuri la nyumbani limeharibu bitana nyingi nzuri. Kazi hiyo ifanyike baada ya soli mpya kuwekwa, si kabla, kwa kuwa soli hubadilisha mahali mguu unapokaa.

Angalia pia kibao kilicho chini kabisa ya bitana. Mabuti mengi ya mtindo huru huwa na kibao chenye mpira wa kupunguza mshtuko chini ya kisigino. Kama lako halina, fundi anaweza kuongeza kipande, lakini kila milimita inayonyanyua kisigino hupunguza nafasi ya mgongo wa mguu, kwa hiyo rudia jaribio la dakika 20.

Hatua ya 7: Mwinamo wa shingo

Mtu anayetua kinyumenyume na kusimama juu ya reli hunufaika na shingo iliyosimama zaidi kuliko ya mkimbiaji wa mbio. Mabuti mengi huwa na kipande cha plastiki nyuma ya shingo kinachoongeza mwinamo wa mbele. Kitoe kwanza, uteleze siku mbili, ndipo uamue. Kama shingo ina skrubu ya pembeni, hiyo ni ya kuilinganisha na mlalo wa muundi wako kuelekea ndani au nje. Mwombe fundi aiweke mara moja, kisha usiichezee.

Hatua ya 8: Linganisha soli na bindingi

Hapa suala ni usalama, si starehe. Soli za mabuti ya skii hufuata viwango mbalimbali: ISO 5355 ni soli bapa ya kawaida ya mteremko, na GripWalk, ambayo ni ISO 23223, ina mpira uliopinda kidogo kwa ajili ya kutembea. Si kila bindingi hukubali soli zote mbili. Soli isiyolingana inaweza kuingia na kutoa ule mlio wa kufunga, lakini ikakataa kuachia siku unapoanguka, na goti ndilo litakalolipa.

Hata soli ikilingana, kila buti jipya lina urefu wake wa soli, ulioandikwa kwa milimita kwenye ganda karibu na kisigino. Peleka skii na mabuti pamoja kwa fundi, ili arekebishe bindingi kwa urefu huo na apange nguvu ya kuachia kulingana na uzito, urefu, umri na uwezo wako. Usiikaze bindingi mwenyewe kwa hofu ya kuchomoka kwenye reli.

Hatua ya 9: Siku tano za kwanza

Anza na miteremko ya kawaida, halafu vilima vidogo. Legeza bizimu ukiwa kwenye lifti na uzikaze tena juu. Siku ya tatu au ya nne bizimu zitaanza kuingia tundu moja mbele. Hilo ni la kawaida. Zikifika tundu la mwisho katika wiki ya kwanza, rudi dukani, kwa sababu ganda ni kubwa.

Matatizo yanayojitokeza zaidi

Miundi inauma. Kaza mkanda wa juu na bizimu ya juu kabla ya kufikiria kulegeza, kwa maana mara nyingi nafasi iliyobaki kati ya muundi na ulimi ndiyo inayoumiza, si ugumu wa buti. Kagua mikunjo ya soksi. Kisha jichunguze namna unavyotua: anayetua uzito ukiwa nyuma huinuka kwa kurushwa mbele, na muundi ndio hupokea pigo. Maumivu yakibaki kwenye sehemu moja ya mfupa hata ukiwa umepumzika, acha kuruka umwone daktari.

Kisigino kinanyanyuka. Fundi anaweza kugundisha vipande vya sponji kwenye bitana kuzunguka kifundo. Kama ganda lilipita kipimo cha hatua ya 2, vipande hivyo vitasaidia kwa muda mfupi tu.

Vidole vinakufa ganzi. Legeza bizimu ya mgongo wa mguu na ukaze ya shingo. Ganzi ikiendelea, tao la unyayo linaanguka na soli ya ndani ndiyo dawa, au ganda ni fupi kwa kimo juu ya mgongo wa mguu na linahitaji kuchongwa ndani.

Kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Ikate fupi, kisha kagua kisigino. Wengi hudhani buti ni fupi na kununua kubwa zaidi, ilhali mguu unateleza mbele kwa sababu buti ni kubwa tayari.

Mfupa wa pembeni unachomwa. Weka alama ya kalamu juu ya mfupa huo, vaa bitana peke yake ili ujue panapogusa, na umpelekee fundi apanue ganda mahali hapo.

Kisigino kina uvimbe au maumivu ya kugongwa. Hutokana na kutua kwenye tambarare baada ya kupita au kutofika mteremko wa kutua. Ongeza kipande cha mpira chini ya kisigino, pumzika siku chache, na upime upya kasi yako kabla ya kuruka kilima hicho tena.

Buti lililokuwa sawa sasa linapwaya. Bitana imechoka. Ganda likiwa bado zima, bila ufa na bila soli iliyolika kwa kutembelea lami, nunua bitana mpya peke yake na umwombe fundi aipashe joto juu ya soli yako ileile. Bitana hiyo, kama ile ya kwanza, itolewe nje na kukaushwa kila jioni, mbali na moto, kisha buti lifungwe kwa wepesi ili ganda lisipoteze umbo lake.